Kiti cha Nerio

Mama mkubwa Argia aliolewa na mtu aliyenuka mafuta ya gari hata akiwa ametoka kuoga. Ndivyo mama yangu, mdogo wake, alivyopenda kusema, na mama mkubwa hakukasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nerio Malagoli alikuwa fundi kwa mzee Garuti, kwenye ile karakana iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli hapa Modena, na siku aliyokuja kuposa alikuwa ameisugua mikono kwa mchanga na sabuni mpaka ngozi imekuwa nyekundu kama nyanya. Bibi yangu aliitazama ile mikono juu ya kitambaa chake cheupe cha meza, akauliza, "Baba, uliungua?"

"Hapana, mama. Nimenawa."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, na posa ikawa imeshapita.

Watu wa mji huu wanajua magari kama wengine wanavyojua ng'ombe: nani kamzaa nani, na ana ugonjwa gani. Kulikuwa na karakana kubwa ambazo sifa zake zilienea duniani, na kulikuwa na vijikarakana vya mafundi kumi na ndoto moja. Garuti alikuwa wa kundi hili la pili. Maisha yake yote aliunda magari matatu tu ya mashindano. La kwanza liliteketea likiwa linajaribiwa. La pili alilikatakata mwenyewe ili apate vipuri. La tatu ndilo lililobaki, jekundu, refu, limeinama mbele kama mbwa anayenusa njia. Injini yake aliifunga Nerio, boliti kwa boliti, na kwa sababu hiyo mzee Garuti alipotafuta mtu wa kukaa na dereva hakuhitaji kwenda mbali.

Wakati ule, kwenye mbio ndefu za barabarani, dereva hakwenda peke yake. Yeye alikaa kulia kwenye usukani, na kushoto kwake alikaa fundi. Fundi ndiye aliyebadilisha tairi, aliyeisikiliza injini, aliyemmenyea dereva chungwa wakiwa mwendoni, na zaidi ya yote ndiye aliyesoma njia. Alikuwa ameipita kabla na kuishika kichwani, na kila kona ilipokaribia alipiga kelele kushinda upepo: kulia, kali, kushoto, ndefu.

Dereva wa Garuti alikuwa Ottavio Zamboni wa Bologna, mtoto wa mwenye viwanda vya katani. Angeweza kuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa. Baadhi ya Jumapili alikuja kula kwa mama mkubwa, akavua koti, akamaliza sahani ya tortellini, zile tambi zilizojazwa nyama, na kuomba nyingine.

"Bi Argia," aliwahi kumwambia, "huyu mumeo ana sauti mbaya kuliko zote Italia nzima. Nikifika nyumbani naendelea kuisikia. Mke wangu ananiuliza chumvi iko wapi, mimi namjibu: kulia, kali."

"Heri wewe unamsikia," mama mkubwa akajibu. "Hapa ndani husema maneno matatu kwa siku, na mawili ni majina ya spana."

"La tatu ni jina lako," Nerio akasema bila kuinua macho kwenye sahani. Mama mkubwa akaona haya, akaenda jikoni kutafuta jibini lililokuwa tayari mezani.

Hawakuwa na mtoto bado. Walikuwa na muda, walidhani.

Mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa Mei, zilikuwa mbio za kutoka Bologna kuvuka milima hadi Firenze na kurudi. Siku chache kabla, gia zilivunjika kwenye majaribio. Karakana nzima haikulala. Nerio alirudi nyumbani alfajiri ya siku ya mbio kubadilisha shati tu, akanywa kahawa akiwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Kaa japo dakika tano," mama mkubwa akamwambia.

"Nikikaa sitainuka."

"Basi lala. Waambie unaumwa."

"Nani atasoma njia? Garuti haoni hata pua yake." Akambusu kwenye paji la uso, akaondoka na baiskeli.

Mchana alikuja mzee Garuti mwenyewe akiwa na padri. Mama mkubwa alikuwa anatundika nguo uani. Alimwona padri kwanza, na alisema baadaye kwamba akaendelea kutundika, shuka moja, kisha nyingine, kwa kuwa alijua wakishaanza kusema hataweza tena kuinua mikono.

Mvua ilikuwa ikinyesha mlimani. Kwenye mteremko, barabara ilipinda kulia, na gari likaenda moja kwa moja. Ubavu wa kushoto ulijibamiza kwenye ukuta wa mawe. Ottavio alivunjika mkono na mtulinga. Nerio alikuwa amekufa kabla hawajamtoa.

Huo ulikuwa msiba, na msiba hupata watu wa kusaidia kuubeba. Kilichokuja baada yake hakikupata mtu. Sijui nani alianza kusema. Kwenye mji wa mafundi, kila mtu lazima ajue kilichoharibika. Gia zilikuwa nzima, breki zilikuwa nzima, usukani ulikuwa mzima. Basi kilichoharibika ni mtu. Gazeti likaandika kwamba inasemekana msaidizi alikosea kona. Wiki ya pili mama mkubwa alikwenda kununua mkate, akasikia mwanamke mbele yake kwenye foleni akimwambia mwenzake, "Maskini Nerio. Kachanganya kushoto na kulia kama mtoto wa chekechea."

Mama mkubwa akatoka dukani bila mkate. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea mpaka ng'ambo ya mfereji kutafuta mkate kwenye duka la watu wasiomjua.

Garuti alilitengeneza gari. Mwaka uliofuata kanuni zilikuwa zimebadilika, dereva aliruhusiwa kwenda peke yake, na Ottavio akasema ataendesha mara moja tu, na peke yake. Walikifunika kile kiti cha kushoto kwa bati la alumini ili upepo upite juu bila kuzuiliwa. Akashinda. Ndio ushindi pekee mkubwa ambao gari la Garuti liliwahi kuupata, na watu walilibeba jina lake mitaani kwa honi na kengele. Mama yangu alitufungia ndani sisi watoto siku ile. Mama mkubwa alifunga madirisha yake, akakaa kwenye mashine yake ya kufumia sweta na kufuma mpaka kelele zikaisha.

Ottavio hakushindana tena. Lakini kila mwezi wa Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, alikuja kutoka Bologna na maua ya kaburini. Wakishatoka makaburini alipanda ngazi za mama mkubwa, akapewa divai na chestinati za kuchoma, zile njugu za milimani, nao wakazungumza juu ya ukungu, miguu inayouma, na bei ya nyama. Mimi nilipokua nilifungua baa chini ya nyumba ile, na kila mwaka nilimwona akipanda akiwa amenyooka na kushuka akiwa amejikunja kidogo.

"Unampokea wa nini?" nilimwuliza mama mkubwa siku moja.

"Ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia akipumua," akasema. "Nikimfukuza nitabaki na nani?"

Wachumba walikuja. Alikuwepo mgane mmoja, tarishi wa posta, jina lake Vainer, mtu mcheshi, aliyekuwa akileta barua hata siku ambazo hakukuwa na barua.

"Bi Argia, mimi na wewe tungekula vizuri sana pamoja."

"Mimi nina mume."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

Vainer alivumilia majibu hayo kwa miaka kadhaa, kisha akaoa mwanamke wa Carpi.

Mama yangu ndiye aliyenieleza kilichokuwa kikimtesa dada yake. Si kifo chenyewe. Alikuwa akiota uso wa Nerio wakati ule neno limeshamtoka mdomoni, amesema kushoto badala ya kulia, na anajua. Anajua amekosea, na hana nafasi ya kusema amekosea. Kila ndoto ilikuwa hiyo hiyo. Mama mkubwa aliamka akijaribu kumwambia haidhuru.

Gari nalo lilikuwa na maisha yake. Garuti alifilisika, akaliuza kwa mtu wa Venezuela. Huko likashindana mpaka injini ikafa. Likavuka kwenda Amerika, wakalitia injini ya kwao, wakalipaka rangi nyeupe. Tulisikia habari zake hivyo, vipande vipande, kutoka kwa mafundi wazee waliokuja kunywa kwangu. Mmoja aliapa kwamba liko Teksasi ndani ya ghala na kuku wanalitagia. Wengine wakamcheka. Ilikuja kuthibitika kuwa ni kweli, hata kuku.

Mwezi wa Juni, mwaka wa themanini na nane, nilimwona Ottavio akipanda ngazi. Hakuwa na maua, na haukuwa mwezi wake. Alikuwa mzee sasa, akitembea na mkongojo. Nilimfuata nikidhani kuna mtu amekufa.

Alikuwa amesimama katikati ya jikoni. "Limerudi," akasema.

"Nini kimerudi?" mama mkubwa akauliza.

"Gari, Bi Argia. Kuna bwana wa Milano kalinunua Amerika. Wamelitengeneza hapa hapa mjini. Jumapili litakuwa kwenye uwanja wa kanisa kuu, watu walitazame."

Mama mkubwa alifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akasema, "Nataka kukaa kwenye kiti chake."

Ottavio hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akaketi.

"Nataka kuona alichokiona," mama mkubwa akaendelea. "Dakika moja tu. Miguu itapanda, nitamshika huyu mtoto." Mtoto alikuwa mimi, na nilikuwa nimeshapita miaka arobaini.

"Nitamwomba mwenye gari tukifika," Ottavio akasema.

Jumapili ile mama mkubwa alivaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona, na viatu vya chini kwa ajili ya kupandia. Jua lilikuwa kali uwanjani. Magari yalipangwa mbele ya kanisa, na watu walizunguka wakiongea kwa sauti ya chini kama waliokuja kutazama maiti ya askofu. La Garuti lilikuwa peke yake karibu na ngazi. Jekundu tena. Sikutegemea kwamba lingekuwa zuri kiasi kile, na nadhani mama mkubwa naye hakutegemea, maana alisimama mbali kwanza akitikisa kichwa taratibu.

Kisha tukasogea upande wa kushoto. Hapakuwa na kiti. Palikuwa na bati la alumini, jekundu, laini, limefungwa kwa skrubu ndogondogo kutoka kwenye kioo mpaka nyuma.

"Kiti kiko wapi?" mama mkubwa akauliza.

Mwenye gari alikuwa Bwana Bernasconi, mtu mpole mwenye kofia ya nyasi. Alidhani ni swali la kawaida la mtazamaji, akajibu kwa furaha. "Hakipo, mama. Tumelirudisha kama lilivyokuwa siku liliposhinda. Mwaka wa hamsini na nne."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo lilikuwa na viti viwili. Lakini gari la zamani lina maisha mengi, mama. Anayelitengeneza lazima achague moja."

"Mkachagua hayo."

"Ndiyo yaliyoshinda," akasema Bernasconi.

Ottavio alimshika yule bwana kiwiko, akamvuta pembeni, akamnong'oneza. Nilimwona Bernasconi akivua kofia yake. Akarudi akiwa ameishika kwa mikono miwili, akaomba msamaha, akasema hakujua, vitabu havikutaja jina, akamkaribisha mama mkubwa akae kwenye kiti cha dereva kwa muda wote atakaopenda.

"Ahsante, baba," mama mkubwa akasema. "Hicho si chake."

Akaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa la moto kwa jua, nami nikataka kumwondoa, lakini hakuondoka. Alisimama hivyo kama mtu anayempima mgonjwa homa. Watu waliokuwa nyuma yetu wakingoja zamu wakaanza kukohoa.

Tukaenda kukaa kwenye ngazi za kanisa, penye kivuli. Mama mkubwa katikati, mimi huku, Ottavio kule. Mama mkubwa alikuwa akijipapasa kiganja.

"Sijawahi kukuuliza," akasema bila kumtazama. "Leo nakuuliza. Alisema nini pale kwenye kona?"

Ottavio aliuweka mkongojo wake katikati ya magoti.

"Hakusema kitu," akajibu.

"Alisema kushoto."

"Hakusema kitu, Bi Argia. Alikuwa amelala."

Mama mkubwa akageuka.

"Tulipoanza kupanda mlima nilimwona kichwa kinaanguka," Ottavio akasema. "Nikampiga kiwiko, akaamka, akanisomea kona mbili tatu, akalala tena. Alikuwa hajalala siku tatu kwa ajili ya zile gia, na mimi nilijua. Mara ya pili sikumpiga. Nikajiambia, mteremko huu naujua, mwache apumzike mpaka bondeni. Alikuwa amelaza kichwa hapa." Akagusa bega lake la kushoto. "Mvua inampiga usoni na bado amelala kama mtoto. Mteremko sikuujua. Nilidhani naujua."

"Hakuona," mama mkubwa akasema.

"Hakuona."

"Hakujua."

"Hakujua chochote. Nakuapia kwa watoto wangu."

Niliona mabega ya mama mkubwa yakishuka, kana kwamba mtu amemtua gunia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwa kitambo kidogo nilifikiri, basi, imekwisha, kapona. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, "Na wewe ulilijua hilo siku zote?"

"Ndiyo."

"Waliposema kwamba kakosea?"

"Nilikuwa hospitali. Nilipotoka lilikuwa limeshaandikwa. Nikafikiri, nikisema alilala, watasema vibaya zaidi. Fundi anayelala kwenye mbio. Na pia niliogopa. Wangeniuliza kwa nini sikumwamsha."

"Novemba ngapi umepanda ngazi zangu, Ottavio?" Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita bila kutanguliza neno Bwana. "Umekula chestinati zangu. Umeniuliza habari za miguu yangu. Na neno hili lilikuwa mdomoni mwako, karibu na divai yangu. Mimi kila usiku namwona akijua amekosea. Kila usiku. Wewe ungeweza kunilaza kwa neno moja."

"Sikujua kwamba unaota."

"Hukuuliza."

Ottavio alikuwa akilia, mzee mzima, mkongojo katikati ya magoti. Watalii walipita wakituangalia.

"Usije tena," mama mkubwa akasema. Akanipa mkono, nikamwinua, tukaenda nyumbani.

Mimi ndiye niliyewaka moto. Nilitaka kwenda gazetini siku ya pili yake, waandike upya, waseme Nerio hakukosea kitu. Mama mkubwa alikuwa akimenya viazi. "Waliosema wote wamekufa, mwanangu," akasema. "Yule wa kwenye foleni ya mkate nilikwenda mazishi yake. Utamwambia nani?"

Ile ndoto haikurudi. Aliniambia mwenyewe, na hakulisema kwa furaha. Sasa alimlilia Nerio kwa namna nyingine, kama mjane wa juzi, mchana kweupe, akiwa kwenye mashine yake au akimenya vitunguu. Alikuwa kama mtu aliyetakiwa kulia kilio hicho zamani na kikacheleweshwa njiani.

Novemba ilipofika alirudi kutoka makaburini, akachoma chestinati, akatoa divai. Niliona glasi mbili. Kila hatua iliyosikika ngazini ilimfanya aweke mkono kwenye nywele. Jioni ilipoingia akazirudisha glasi kabatini.

"Nilimwambia asije," akasema. "Ni mtu wa kutii."

"Nimpigie simu?"

"Acha. Mwakani labda."

Ottavio alifariki mwezi wa Februari. Mama mkubwa aliona tangazo la kifo ukutani, karibu na soko, maana familia ya Zamboni ilikuwa na jamaa hapa mjini. Alilisoma, akarudi nyumbani, akaniambia nifunge baa, twende Bologna.

Kanisa lilijaa. Tulikaa nyuma. Kwenye lango la makaburi, watoto wa marehemu walisimama kupokea pole, na ilipofika zamu yetu binti yake, mwanamke wa makamo mwenye macho ya baba yake, alimshika mama mkubwa mikono yote miwili.

"Ahsante kwa kuja, mama. Wewe ni nani kwa baba?"

"Mke wa Nerio."

Binti akamtazama kwa upole, akitafuta kichwani, asione kitu. "Nisamehe. Nerio yupi?"

Nilimhofia mama mkubwa wakati huo. Nilidhani atasema yote pale pale, mbele ya watoto wa marehemu. Aliutazama uso wa yule mwanamke, uliovimba kwa kulia.

"Walikuwa wakifanya kazi pamoja," akasema. "Baba yako alikuwa mlaji mzuri sana wa tortellini."

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kweli kabisa," akasema, na kumgeukia mtu aliyefuata.

Mama mkubwa aliishi miaka minne zaidi. Gari liliuzwa tena, nasikia liko Japani. Yeye nilimzika pembeni ya Nerio, upande wa kulia, maana upande wa kushoto palikuwa na kaburi la mtu mwingine. Kila Novemba nawapelekea maua mimi. Mwaka wa kwanza, baada ya kutoka makaburini hapa Modena, nilipanda treni nikaenda Bologna na fungu jingine la maua, nikatafuta jina la Zamboni mpaka nikalipata. Sikujua kama mama mkubwa angependa. Nikaliweka hata hivyo, nikarudi kufungua baa.